Upinde wa Gody Uliokaa na Kamba

Kwa Gody pale Kigera hapakosagi watu, na siku baba yake, mzee Alfonce, alipotolewa hospitali baada ya miezi miwili, majirani tulijaa mpaka wengine wakakalia ndoo. Tereza, mke wa Gody, anagawa chai. Mzee akaingizwa ameshikwa kwapani, mkono wa kulia umelala kama si wake. Kiharusi kilimkuta kijijini kwao Buswahili, wiki ileile aliyomaliza kuchonga upinde wa Gody.

Habari za upinde huo tulizijua wote. Kwao, baba akimkabidhi mwana mji, yaani nyumba na mashamba ya ukoo, mwana anavuta upinde uliotoka mkononi mwa baba na kurusha mshale mbele ya ukoo. Mzee amewachongea vijana wa watu mpaka Bunda. Wa mwanawe akauweka mwisho. Sasa mkono ndio huo.

Tereza alikuwa ameutundika juu ya televisheni, kamba imevutwa, umepinda vizuri, umezungushiwa taa za Krismasi. Kila mgeni alipiga picha nao. Hata mimi ninayo, ndiyo nimeweka profaili.

Mzee akauona. Kikombe kikamponyoka.

"Nani kauvika kamba?"

"Mimi, baba," Tereza akajibu kwa furaha. "Ulivyoletwa ulikuwa kama fimbo ya kuchungia. Watu walikuwaga wananicheka, eti mkwe kakuletea mkongojo! Nikamwomba jirani auvike kamba, upendeze."

"Lini?"

"Si ulivyolazwa tu."

"Na haujavuliwa?"

"Nivue nini, baba, na ulivyopendeza!"

Tukacheka. Mzee akamwambia Gody aushushe, avue kamba. Kamba ikatoka, upinde haukunyooka. Ukabaki umeinama vilevile. Mzee akaulaza mapajani, akapitisha kidole gumba cha kushoto upande wa ndani, ule unaotazamana na kamba.

"Gusa hapa."

Kulikuwa na mikunjo myembamba imekatiza mti, kama ngozi ya kiwiko.

"Mikwaruzo hii, baba," Gody akasema. " Tutapiga msasa, vanishi kidogo."

"Siyo mikwaruzo." Ulimi wake ulikuwa mzito bado. "Upinde unavikwa kamba ukienda kazini, ukirudi unavuliwa upumzike. Ukiacha hivi, mgongo unavutwa, tumbo linabanwa, linabanwa, mpaka nyama ya mti inajikunja. Ikijikunja imekufa. Ukivuta sawasawa, unakatikia hapo."

"Si utachonga mwingine, mzee wetu!" akadakia Marieta muuza dagaa, andazi mdomoni. Kisha akautazama ule mkono, akaacha kutafuna.

Gody akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa Jumamosi mbele ya ukoo nivute nini?"

"Usivute."

"Ndugu wameshaitwa, baba. Nisipovuta watasemaje?"

"Watasema nimekukataa."

"Na ukikatika?"

"Watasema hivyohivyo."

Tereza akaingia jikoni. Hakuna aliyemfuata.

Jumamosi tulikodi gari tukaenda Buswahili, tumependeza. Gody akasimama uwanjani na upinde uleule, akavuta kidogo tu, kwa woga. Mshale ukaangukia karibu na masufuria.

"Wapishi, okoteni kuni yenu hiyo!" akapaza sauti Magesa, mdogo wake mzee. Watu wakavunjika mbavu. "Vuta kama mwanaume, mwanangu! Au mji nichukue mimi?"

Gody akamwangalia baba yake. Mzee akatikisa kichwa. Wote tuliona.

"Vuta!" wakapiga kelele.

Akavuta. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama muwa ukivunjwa gotini. Kipande kimoja kikabaki mkononi, kingine kikaning'inia kwenye kamba.

Magesa ndiye aliyeinuka kwanza. Hakutania tena. "Mti umemkataa," akasema, akachukua kofia. "Habari ya mji huu tutaikalia sisi wazee." Wengine wakainuka, wakavuta viti nyuma, na chakula hakijapakuliwa.

Mzee Alfonce akaanza kuwaeleza: mti ulikuwa mzima, kijana hana kosa, ni kamba iliyokaa muda mrefu. Maneno yalitoka nusunusu, mate yanamchuruzika. Tereza akapiga magoti, akawa anamfuta mdomo na kanga, naye mzee anaendelea kueleza, na wao wanafungua geti.