Kaka wa Loisi

Lameck alipata chumba Nzuguni baada ya kuzunguka mpaka viatu vikaanza kucheka. Alikuwa karani mpya wa wizara huko Mtumba, mshahara wenyewe wa kubanabana, na tangu Serikali ihamie Dodoma wenye nyumba wa huku wameijua thamani ya bati lao. Kila alikobisha hodi alidaiwa kodi ya mwaka mzima. Kwa Mama Ambokile tu, muuguzi mstaafu kutoka Mbeya, ndiko walikokubali miezi mitatu, tena bomba uani na kituo cha magari pua na mdomo. Kabla hawajaingia, Abubakari, dalali, alimvuta pembeni.

"Ukiulizwa, huna mke. Huyu mama hataki watoto, wanamchorea kuta."

Basi akaulizwa, akasema hana mke. Wala hakumeza mate. Na mke alikuwa naye, Loisi, kule Haneti, pamoja na binti yao Erica, wa kubebwa mgongoni. Lameck alijiambia lile ni neno la kupitia mlangoni tu, akishazoeleka atasema kweli.

Hakusema. Mvua zikaja zikaenda, Loisi akachoka kuambiwa kwenye simu kwamba nafasi bado inatafutwa. Jumamosi moja Lameck anafua uani, akaona geti linasukumwa, mkewe huyo, mtoto mgongoni, mfuko mkononi. Mama Ambokile alikuwa papo hapo kibarazani akichambua mlenda.

"Karibu, mwanangu. Umekuja kwa nani?"

Loisi akafungua mdomo, Lameck akamuwahi. "Ni dada yangu huyo, mama. Dada yangu wa tumbo moja."

Jamani, wa tumbo moja! Nani alikuwa amemuuliza habari za tumbo? Loisi alimtazama kidogo, kisha akapiga goti akamwamkia mama, shikamoo.

Sasa sikia kilichomfika. Mama Ambokile ni mtu wa heshima, na kwao, kama kwa Wagogo, dada mtu mzima halali chumba kimoja na kaka yake. "Atalala kwangu," akasema, akauchukua mfuko mwenyewe. Lameck angepinga kwa hoja gani? Mkewe akalala nyumba kubwa, yeye akabaki chumbani peke yake akimsikia mwanawe analia ng'ambo ya ukuta, na asiweze kwenda.

Asubuhi walikutana bombani. "Vumilia kidogo," akamnong'oneza. "Tukifukuzwa hapa tutakwenda wapi?"

"Kwani mimi nimesema kitu?" Loisi akajibu, akajitwika ndoo.

Kweli hakusema kitu. Alipika, akafagia, jioni akamkanda mama miguu iliyovimba, na mama akampenda. Sasa mama akimpenda binti wa watu, na ana mwana aliyefiwa na mke, unajua mawazo yake yanakwenda wapi. Mwana huyo ni Ambokile, dereva wa lori, mpole asiye na makuu.

Jumapili iliyofuata, watu wametoka kanisani, Lameck aliitwa sebuleni. Akamkuta Mzee Ibrahimu wa nyumba ya jirani amevaa koti kwenye jua lile, Ambokile ameinamisha kichwa, na Loisi mkekani na mtoto. Mzee akakohoa.

"Mwanangu, tumepita hapa tumeona jiko. Tunauliza kama lina mwenyewe. Mtoto tumemwona, tutamlea. Kwa baba yake tutafika, lakini hapa mjini tunaanza na wewe kaka yake."

Kuposewa mkeo, na jibu utoe wewe! Masikio yalimwaka Lameck, akatamani ardhi ipasuke. Jibu lilikuwa neno moja: lina. Lilimfika kooni. Lakini akawaza geti likifungwa nyuma yake na godoro likiwa begani, naye akianza upya kuzunguka na dalali.

"Nitawafikishia wazee Haneti," akasema. "Wakae walijadili."

Loisi akainua uso.

"Wazee walishamaliza," akasema taratibu. "Ng'ombe wa mahari aliyotoa huyu mnayemwita kaka wako zizini kwa baba mpaka leo. Na mtoto huyu ni wake."

Ambokile, ambaye hakukosa lolote, ndiye aliyeomba radhi. Akatoka, mzee akamfuata. Lameck alibaki anatazama vidole vya miguu yake.

"Nani alikwambia unidanganye kwamba huna mke?" akauliza Mama Ambokile.

"Dalali, mama. Alisema hutaki watoto."

"Nimezalisha wanawake maisha yangu yote, leo nichukie watoto? Ukamkana mkeo kwa neno la dalali?" Halafu akasema kwa upole, na upole huo ulimuumiza Lameck kuliko matusi. "Chumba kaa tu. Simfukuzi mtu kwa sababu ana mke."

Loisi alikuwa ameshambeba Erica na kuukaza mtandio. Akamshukuru mama kwa malazi, akamuuliza yeye, si Lameck, magari ya Haneti yanapakilia upande gani wa stendi.

"Mke wangu," Lameck akasema, na ndiyo mara ya kwanza kulitamka neno hilo ndani ya ua ule, "chumba si tumepata? Tukae."

Loisi alikwishageuka kuelekea getini; Lameck akaukimbilia mfuko wake, akaubeba mpaka huko. Pale Loisi akasimama, akaupokea kwa mikono miwili kama wanavyofundishwa mabinti wa kwao.

"Asante, kaka," akasema, akashika njia ya stendi.