Pindo la Lamis

Junda nzima inajua mimi sikati pindo upande. Nitakosea kola, nitakosea zipu, kuna mwaka nilimshonea mtu gauni lenye mikono miwili ya kushoto, lakini pindo langu ni la kuapia. Kwa hiyo Bi Mahfoudha alipoingia dukani na gauni la bintiye Lamis, akatangaza mbele ya wateja, "Swabra, pindo hili limekwenda upande," hasira zilinipanda hadi utosini.

Lilikuwa gauni la sare la arusi ya Fairuz, mdogo wake Bi Mahfoudha. Lamis, miaka kumi na mitatu, ndiye aliyechaguliwa kumtangulia bibi arusi na sinia la asumini. Hakuwa na hadithi nyingine mdomoni.

Nikalifumua, nikalishona upya. Lamis akalivaa: upande. Nikafumua tena, nikashona. Upande! Nikalivisha sanamu ya dukani, likakaa sawa kabisa.

"Basi si pindo, ni huyu," akasema Bi Mahfoudha. "Maringo! Tazama anavyobinua nyonga. Lamis!"

"Abee, mama."

"Wacha maringo, simama sawa. La sivyo sinia atabeba mwengine."

"Mama, wallahi nimesimama sawa."

Tukacheka duka zima. Mimi nilicheka kuwashinda wote, maana pindo langu lilikuwa limetakasika.

Lamis akageuka kuficha machozi, kiwiko kikagonga kopo la pini, zikamwagika. Akainama kuziokota, magoti yamenyooka, mikono inaning'inia. Nami jicho la ufundi halina adabu: upande wa kulia wa mgongo wake ulikuwa umeinuka kuliko wa kushoto. Nikalaza rula juu yake. Ikakaa mteremko.

"Usiinuke, mwanangu," nikamwambia. Kicheko kilinikauka.

Bi Mahfoudha akasogea, akatazama rula, akanitazama mimi.

"Nilikwambia, mama," Lamis akasema, kichwa bado chini.

Kesho yake wakaenda hospitali, nami nikafunga duka nikawafuata bila kualikwa. Picha ya eksirei ilionyesha uti wa mgongo umepinda. Bi Mahfoudha akaulaumu mkoba wa shule, akailaumu simu, mwisho akajilaumu mwenyewe.

"Si mkoba, si simu, wala si wewe, mama," daktari akasema. "Huwapata watoto wanapokua, na mara nyingi sababu haijulikani. Kuuzuia usianze kupinda hakukuwezekana. Lakini bado anakua, kwa hiyo tutamvalisha mkanda mgumu wa plastiki, tujaribu kuuzuia usizidi. Angekuwa ameshamaliza kukua, mkanda usingemfaa. Nani aliyegundua?"

"Pindo," nikajibu.

Weee! Wiki mbili baadaye, mkanda ulipokuwa tayari, Bi Mahfoudha alirudi nao Junda kama askari. Mabinti wote wa ukoo wakapangwa uani, miguu pamoja, viganja pamoja. "Inama!" Rula yangu ikapita mgongo kwa mgongo. Hata Fairuz aliinamishwa, hina mbichi mikononi, akipiga kelele kwamba yeye ameshakua na ana arusi keshokutwa. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Wote walikuwa sawa, alhamdulillahi.

Gauni la Lamis nililipanua ili mkanda uingie ndani. Na pindo, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nililikata upande kwa makusudi, ili mwilini mwake lining'inie sawa.

Siku ya kupamba, bibi arusi alipotolewa ukumbini, Lamis akaingia mbele yake na sinia lake, kifua mbele, shingo juu, hawezi kujipinda hata akitaka. Pindo halikuyumba hata unywele. Nilikuwa nimefurahi mpaka nataka kupanda juu ya kiti.

Mwanamke mmoja nyuma yetu akanong'ona, "Mtoto huyu ana maringo!"

Bi Mahfoudha akageuka, machozi na wanja vimechanganyika mashavuni.

"Na aringe!" akasema kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia. "Mwanangu amesimama sawa. Siku zote alikuwa amesimama sawa, ni mimi nisiyemsikia!"

Akapiga kigelegele, ukumbi ukaitikia. Lamis akacheka hadi sinia likatikisika na asumini zikamwagika sakafuni. Akazitazama, akanitazama mimi, kuinama hawezi.

Nikainama mimi, nikamwokotea moja moja.