Zuhura Anakuja Ijumaa

Fundi cherehani alibandika karatasi mlangoni pa kibanda chake: "Zuhura na Mshtarii watakutana Ijumaa saa moja jioni, upande wa magharibi. Wote mnakaribishwa."

Hakuwa anacheza. Mama mkwe wake, aliyemlelea mtoto siku za masomo ya jioni, alikuwa amekata shauri: "Mwezi wa nne huu nabembeleza mjukuu, wewe uko darasani. Nionyeshe kitu kimoja ulichopata huko. La sivyo, tafuta mlezi mwingine."

Na mlezi mwingine hakuwepo.

Ijumaa jua lilipozama, uani palijaa. Fundi viatu alikuwa amechomekea shati. Muuza mkaa alikuwa ameoga, jambo lililozua minong'ono. Mama mkwe akatokea na gauni la sherehe, marashi yakimtangulia, mtoto mgongoni, zawadi kwapani.

"Maharusi wako wapi?"

"Maharusi gani, mama?"

"Si huyo Zuhura na mwenzake? Nimewaletea vikombe sita."

Ndipo fundi cherehani akaelewa kwa nini watu wamependeza hivyo. Kicheko kikamtoka kabla ya aibu.

"Mama, hizo ni sayari, ndizo tunazosoma darasani. Ziko juu."

"Na mimi nimenyoa ndevu," fundi viatu akanung'unika.

"Hujanyoa bure. Wanakuja." Akaelekeza kidole juu ya tangi la maji. Kulikuwa na wingu tu.

Mama mkwe akatazama saa. "Saa moja hiyo, mwanangu."

"Mpe nafasi. Bibi harusi gani anawahi?"

Hakuwa na wasiwasi. Jioni saba mfululizo, akianua nguo, alikuwa amewaona wakisogeleana. Wingu lingepita, wao wasingekosa.

"Taa," mtoto akasema kutoka mgongoni.

Wingu lilikuwa limejivuta kando. Zuhura alimeta juu ya tangi, na Mshtarii ubavuni pake, karibu mno hata kidole kimoja kingewafunika wote wawili.

"Zuhura ni yupi?" mama mkwe akauliza taratibu.

"Huyo anayeng'aa zaidi."

"Nilijua." Akaweka vikombe juu ya meza ya kukatia nguo. "Vyako hivyo. Jumatatu niletee mtoto mapema, usichelewe darasani. Na kinachofuata ni kipi, nijue mapema nisivae bure?"

"Kupatwa kwa mwezi, mama."

"Maskini. Umepatwa na nini?"

"Jumatatu nikirudi nitakueleza."