Gitaa la Nne la Semahoro

Siku kwaya ilipomletea Semahoro gitaa jipya la besi, alilia mbele ya kanisa zima, na watu wa kambi ya wakimbizi ya Rubondo wakadhani analia kwa furaha. Wakampigia makofi. Mama Mariette, kiongozi wa kwaya, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusimamisha ng'ombe, alimvisha mkanda begani kwa mikono yake mwenyewe. Gitaa lilikuwa jekundu, lina nyuzi tano, linang'aa kiasi kwamba ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Semahoro aliligeuza huku na huku, akauliza la zamani liko wapi.

"Tulirudisha ku duka, kule Mbarara," Mariette akasema. "Muuzaji alilipokea, sisi tukaongeza kidogo. Ile ilikuwa imezeeka, Baba Olga. Ulikuwa unabebaka mubao ya mulango."

Hapo ndipo alipolia sawasawa.

Msimhukumu haraka. Semahoro si mtu asiye na shukrani. Ni kwamba alikuwa amemiliki magitaa matatu maishani mwake, na kila moja lilikuwa limemfundisha jambo kwa ubovu wake. La kwanza alilitengeneza mwenyewe kwenye milima ya juu ya Minembwe, alipokuwa bado anachunga: ubao, misumari, na nyaya tatu za breki za baiskeli. Waya wa breki haubembelezeki. Ukiupiga mara moja vidole vinawaka moto, kwa hiyo unauacha useme maneno yake mpaka uishiwe, ndipo unapiga tena. Kwa njia hiyo alijifunza kutokuwa na haraka. La pili alilipata Uvira, la kiwandani kabisa, lakini uzi wake mwembamba ulikatika na hakuwahi kupata mwingine, basi akazoea kuishi huku chini, kwenye nyuzi nene, asitamani kupanda. La tatu alilinunua Mbarara miaka kumi na mmoja iliyopita, tayari lilikuwa limepita mikononi mwa wengi. Lilikuwa zito kama kinu, na nyuzi zake hazikubadilishwa hata siku moja. Zilikuwa zimekufa, zikatoa sauti nene na fupi, kama mchi unaoshuka kwenye mtama. Wapigaji wa makanisa mengine walimcheka, kisha wakirudi kwao wakajaribu kuitafuta sauti ileile wasiipate.

Lakini sauti ile ilikuwa na kazi nyingine, na kazi hiyo waliijua watu wawili tu. Yeye na mke wake, Kantengwa.

Kantengwa ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza ya kwaya. Miaka mitatu iliyopita aliugua malaria kali, akatundikiwa chupa za kwinini, na alipoinuka kitandani masikio yake yalilia wiki nzima kisha yakanyamaza. Kanisa lilimwombea. Baadaye ukaja mkutano wa injili, na mhubiri mgeni, na jenereta, na maspika yaliyopangwa kama matofali hadi juu. Besi ilipopigwa, ardhi ikatikisika, na Kantengwa akaisikia ikimpanda miguuni mpaka kifuani. Akaruka, akapiga kelele: "Ninasikia! Ninasikia!" Watu wakamnyanyua. Akapewa kipaza sauti, akatoa ushuhuda, kina mama wakacheza mpaka vumbi likafunika jukwaa.

Kesho yake asubuhi, maspika yalipokuwa yamebebwa kwenda zao, alimtazama mume wake akisogeza midomo na hakusikia kitu.

Sasa ungefanyaje? Ushuhuda umeshatolewa mbele ya watu elfu. Urudi kwao useme samahani, Mungu bado? Kantengwa alikataa. Alisema watu wamefurahi, hawezi kuwanyang'anya furaha yao. Basi Semahoro akalichukua boksi la spika la kanisa akalisukuma chini ya jukwaa la mbao, akasema ni kulikinga na mvua inayovuja. Kantengwa naye akawa anavua viatu kila anaposimama kuimba, na waumini wakasema tazama unyenyekevu wa huyu mama, kama Musa. Sauti ile nene ya gitaa la tatu ilipita kwenye mbao ikaingia nyayoni mwake, ikamwambia aanze lini na akanyage wapi. Nyimbo zenyewe alizijua tangu utotoni. Alichohitaji ni mtu wa kumfungulia mlango, na kwa miaka mitatu mtu huyo alikuwa mume wake.

Gitaa jekundu halikufungua mlango wowote. Kwenye mazoezi ya Jumamosi ya kwanza, nyuzi zake mpya zililia kama kengele ya shule, sauti yote ikaruka hewani, mbao zikabaki kimya. Na Semahoro, nisimfiche, aliponzwa na utamu. Vidole vilivyozoea waya wa breki vilipata nyuzi laini, vikatawanyika kama ndama waliofunguliwa. Ulipofika wimbo wa Kantengwa, ule ambao anasimama mbele peke yake huku kiongozi akiwa nyuma yake, alipiga utangulizi wote mpaka ukaisha, na mke wake akabaki anatazama ukuta.

Wanakwaya wakaangalia chini. Mariette akakohoa, akasema jua ni kali leo, tuanze tena. Mara ya pili Semahoro alitoa ishara kwa kichwa. Kantengwa akaingia, kachelewa kidogo.

Usiku ule hawakulala vizuri, na asubuhi wakiwa wanakunywa chai Semahoro alimwelekea mke wake ili aione midomo yake.

"Wiki mbili tu, tunaenda kurekodi Mbarara," akasema. "Nitawaambia sitaki hii gita."

"Utasema nini? Batakuuliza sababu."

"Nitasema iko na nyuzi mingi."

Kantengwa akacheka. "Mutu mukubwa, unaogopa uzi moja?" Kisha akaacha kucheka, akaweka kikombe chini. "Kama sitaweza, nitaacha kwaya. Nitasema koo inauma. Ni heri vile kuliko baniombee tena."

Aliyasema kwa upole, na Semahoro akaogopa. Aliijua nyumba yake. Kuimba ndicho kitu pekee ambacho Kantengwa alikuwa bado anakifanya pamoja na watu wengine. Kwingine kote, kisimani, sokoni, kwenye foleni ya mgao, alikuwa anatabasamu tu na kuitikia kwa kichwa. Akiacha kwaya, kimya kile kitamfunika mzima mzima.

Jumatatu alipanda pikipiki mpaka Rwekubo, akapanda gari la Mbarara, akaenda dukani kukitafuta kile kinu chake cha zamani. Kilikuwa kimeshauzwa kwa mtu wa mbali. Basi akarudi nyumbani akaanza kuliharibu gitaa zuri kwa makusudi. Alikata kipande cha sponji kutoka kwenye godoro, akakishindilia chini ya nyuzi, pale zinapofungwa. Mlio ukapungua. Akaomba siagi, ile ambayo Kantengwa hupaka vibuyu vya maziwa, akazipaka nyuzi zote moja baada ya nyingine. Mlio ukafa. Uzi wa tano, ule mwembamba, akaufungua kabisa akautia mfukoni. Kisha akajilazimisha kupiga polepole, kama vidole vinawaka moto. Gitaa likawa linanuka kama zizi, lakini Kantengwa alipopanda jukwaani peku na mume wake akapiga noti ya kwanza, aliinua uso akatabasamu.

"Huyo," akasema. "Huyo ni weye."

Kwa hiyo walikwenda Mbarara wakiwa na amani. Hawakujua studio ikoje.

Ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, zulia chini, zulia ukutani, magodoro dirishani. Fundi aliitwa Kizito, kijana mwenye adabu aliyemwita kila mtu ssebo au nnyabo, yaani bwana au bibi. Alichomeka waya kwenye gitaa la Semahoro, akavuta ule mwisho mwingine mpaka kwenye kompyuta, basi.

"Na sipika?" Semahoro akauliza.

"Hapa hakuna sipika, ssebo. Sauti inaingia moja kwa moja kwa kompyuta. Nyinyi mnavaa hedifoni, mnasikia."

Semahoro akautazama ule waya mwembamba mweusi, akajua hakuna kitakachotikisa sakafu. Kantengwa alikuwa ameshavua viatu, amesimama kwenye zulia. Wakamvisha hedifoni. Semahoro akapiga utangulizi, akafika mahali pa kufungulia, na mke wake akabaki amesimama, mikono imeshika kanga, anamtazama yeye tu. Wakarudia. Alitoa ishara kwa kichwa. Akaingia, lakini bila noti ya kukanyaga akateleza, akaimba juu kuliko gitaa. Wakarudia tena. Mara ya nne Kizito akasimamisha mashine.

"Mama anachelewa," akasema kwa upole. "Hedifoni labda ni mbovu? Nnyabo, unasikia vizuri?"

Alimuuliza akiwa nyuma ya kioo cha kompyuta, ameinamia vitufe. Kantengwa hakuiona midomo yake. Chumba kizima kilikuwa kinamngojea, watu kumi na saba, na yeye aliona tu kwamba wanamngojea. Semahoro akafungua mdomo aseme koo, aseme joto, aseme lolote. Kantengwa akamtangulia. Alivua hedifoni, akaziweka juu ya kiti taratibu.

"Sisikiake," akasema. "Bandugu, munisamehe. Tangu ile siku ya ushuhuda, kesho yake, sisikiake kitu. Niliwadanganya."

Hakuna aliyeshtuka. Semahoro aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta mshangao, asiuone. Mariette alisogea mpaka mbele ya Kantengwa, akamshika mashavu ili amwangalie midomoni, akasema kila neno peke yake.

"Mama Olga. Tunajuaka."

"Munajua nini?"

"Tunajua. Tangu ile juma ya kwanza. Tunakuitaka kwa mugongo, haugeukake. Unaitikiaka 'ndiyo' hata kama tunakuuliza bei ya maharagi." Mtu mmoja akacheka huko nyuma, akanyamazishwa. "Ulitoa ushuhuda na furaha mingi vile. Ni nani angekunyang'anya?"

Kantengwa alisoma midomo ile mpaka mwisho. Mabega yake yakaanza kutikisika, na haikujulikana mara moja kama ni kilio au kicheko. Vilikuwa vyote viwili.

"Hata hii gita," Mariette akaendelea, sasa akimgeukia Semahoro bila kumwachia mke wake, "muuzaji alituambia iko na nguvu, inatikisa nyumba. Tukasema, basi Kantengwa atasikia muzuri. Bote balichanga. Tulikununulia kwa jina tu, Baba Olga. Hii gita ni ya ye."

Semahoro alikitazama chombo kile chekundu alichokishindilia godoro na kukipaka siagi. Wiki mbili nzima alikuwa amewanung'unikia watu hawa moyoni mwake. Aliwaona wajinga, watu wa kupenda vitu vinavyong'aa, wasiojua sauti yake ilitoka wapi. Kumbe walikuwa wamejichangisha gitaa zima kwa ajili ya nyayo mbili, na hawakusema. Aliona aibu, tena aibu tamu, ile inayompasha mtu joto masikioni.

Akavuta viti viwili, akaviweka uso kwa uso, akamkalisha Kantengwa magoti yao yakigusana. Kisha akainua shingo ya gitaa, akakiegemeza kichwa chake, pale penye vifungo vya nyuzi, kwenye mfupa wa bega la mke wake, chini ya taya. Akapiga noti moja nene. Kantengwa akafumba macho.

"Iko wapi?" Semahoro akamuuliza alipoyafumbua.

"Fasi yote," Kantengwa akasema, akijipapasa kuanzia taya hadi kifuani.

Kizito akajaribu kusema kwamba hivyo sauti ya besi itafifia, mwili wa mtu unainywa. Mariette akamwambia awashe mashine.

Semahoro akapiga utangulizi. Alipiga kama mtu mwenye nyaya za breki, kisha kama mtu asiye na uzi wa juu, kisha kama mtu aliyebeba kinu, na alipofika mahali pake mke wake akaingia sawasawa, noti katikati ya noti, sauti ikiwa imejaa. Miaka mitatu alikuwa amempigia akiwa ameshika pumzi, sikio moja kwenye wimbo na jingine kwa watu, akichunga siri. Leo hapakuwa na kitu cha kuchunga. Alimsikiliza tu. Na kwa kumsikiliza, mwanzoni mwa mstari wa pili, mkono wake ulisahau kazi. Besi ikanyamaza.

Kantengwa hakukatiza wimbo. Aliimba mstari ule peke yake, macho kwa mume wake, nyusi zimeinuka. Ulipokaribia kuisha akalipiga gitaa kofi kichwani, kama unavyompiga ng'ombe anayechelewa njiani. Semahoro akazinduka, akarudi ndani.

"Safari hii ni mzee amepotea," Kizito akasema walipomaliza. "Turudie?"

"Acha vile," Mariette akasema.

Wimbo ule sasa uko kwenye simu za watu Rubondo nzima. Wapigaji besi vijana wanausikiliza tena na tena, wanabishana kuhusu ile sauti nzito iliyofifia, wengine wanasema ni aina ya gitaa, wengine wanasema ni nyuzi. Na siku hizi ukiingia makanisani mwao Jumapili, utawasikia wakifika mwanzoni mwa mstari wa pili wakinyamaza wote, wakimwacha mwimbaji peke yake, kwa sababu mzee Semahoro ndivyo alivyofanya na lazima ni ufundi. Juzi mmoja alimjia nyumbani kumuuliza alijifunzia wapi kunyamaza namna ile. Semahoro alimwelekeza jikoni, kwa Kantengwa, akamwambia asimame mbele yake na aseme polepole.