Bibi wa Kwenye Miwani

Loyce alifika Manyoni roho ikiwa juu. Kampuni yake ilitengeneza miwani ya kufundishia wauguzi: ukiivaa unajiona wodini, na mgonjwa anahema mbele yako. Kazi yake ilikuwa kuwafuatilia wateja ili miwani isiishie kabatini. Chuo kidogo cha uuguzi cha hapo kilikuwa mteja wake wa kwanza, na sasa kilitaka kuirudisha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Chai ipo," alisema Mwalimu Anastazia, mkuu wa chuo. "Ila mzigo wako nimeshaufungasha. Vijana wangu wodini ni wazuri. Wakivaa dude lenu, mgonjwa anawafia wote. Wamekata tamaa."

Loyce aliomba jambo moja tu: amwone mmoja akifeli.

Akaitwa Obadia, kijana mrefu kutoka kijiji cha Mungaa, akavaa miwani. Alichokiona ndani ya miwani, wenzake walikiona kwenye kompyuta: bibi kikongwe kitandani, macho wazi, pumzi zikimkatika. Obadia akainama.

"Shikamoo, bibi."

Bibi akahema. Obadia akasubiri, mikono nyuma.

"Shikamoo, bibi," akarudia, sasa kwa upole zaidi. Oksijeni ilikuwa pale pale ukutani. Kompyuta ikaandika kwamba mgonjwa amefariki.

"Mbona hukumwekea oksijeni?" Loyce akauliza.

"Dada, hajaitikia. Nitamshikaje mtu mzima usoni, ananitazama, na hajaniitikia?"

"Angekuwa amezimia ningewagombeza," mwalimu akasema. "Lakini huyu anakutazama. Wagonjwa wetu, hata aliyezidiwa, akiamkiwa hutikisa kichwa."

Njiani Loyce alikuwa ameshapanga cha kuwaambia wakubwa wake: wanafunzi hawa hawajazoea teknolojia. Akamshukuru Mungu kwamba hakuwa amepiga simu.

Alipowapigia mafundi, aliwaambia, "Kosa ni letu. Bibi wetu haitikii salamu." Wakataka sauti ya bibi wa huko huko. Akaitwa mpishi wa chuo, Bibi Elizabeti, akaambiwa aitikie kama mgonjwa.

"Naumwa nini?"

"Mapafu, bibi."

"Basi nipeni kiti. Mtu haumwi mapafu akiwa amesimama."

Wiki iliyofuata Loyce alirudi na miwani iliyorekebishwa. Obadia akaivaa, akamwamkia bibi. Bibi akaitikia, neno likimkwama kifuani, na hapo hapo kijana akamwinua, akamwekea oksijeni. Pumzi zikatulia. Darasa zima likapiga makofi.

"Nimepona?" Bibi Elizabeti aliuliza kutoka mlangoni, mwiko mkononi.

"Umepona, bibi."

"Miwani inabaki," mwalimu akasema, akageuka upesi kuficha tabasamu.

Loyce akamshika Obadia mkono kwa mikono yake miwili. "Asante sana, mdogo wangu."

"Mimi niliyefeli kila siku? Unanishukuru nini, dada?"

"Ungeiruka ile salamu ili ufaulu, nisingejua kitu."

Obadia akatazama chini kwa haya, akaanza kuifuta miwani kwa pamba ili mwenzake aivae.