Lenzi ya Chumba cha Sponji

Jumatano, tarehe tisa Oktoba. Asubuhi kulikuwa na ukungu mwembamba na upepo wa baridi, lakini si baridi ya kumfanya mtu avae sweta. Saa tatu kasorobo Mama Pasipoti aliingia katika duka la fundi kamera, amekumbatia begi kama mtu aliyebeba mayai.

Jina hilo alipewa na wateja. Kwa miaka kumi na mitatu alipiga picha za vitambulisho: mtu mmoja kwenye kiti, pazia jeupe nyuma, kichwa na mabega, basi.

"Leo umepotea njia," fundi alisema. "Au umekuja kunipiga pasipoti?"

"Nataka lenzi pana. Ya chumba."

Alifungua begi akamwonyesha kamera ya fremu nzima aliyoazimwa na mwalimu wake wa darasa la jioni. Fundi aliigeuza, akapuliza vumbi, akaridhika. Kamera ndogo, alisema, hukata kando za picha hata ukiifunga lenzi pana kiasi gani. Hii haikati. Kisha akauliza ni chumba gani.

"Chumba cha sponji. Kiwanda cha magodoro."

Fundi hakuuliza zaidi, maana mji mzima ulijua. Mwezi Machi moto uliwaka katika chumba hicho, mlango ukiwa umefungwa kwa komeo la nje. Kiwanda kilitoa majina ya marehemu tisa, wote wa kwenye daftari la waajiriwa. Mdogo wa kike wa Mama Pasipoti hakuwa kwenye daftari. Alikuwa kibarua, na vibarua wa pale husimama ukutani tangu asubuhi, wakisubiri kuitwa kwenye meza yenye pengo. Siku ile hakurudi nyumbani. Mama yao alipokwenda kuuliza alipewa barua ya mstari mmoja: mtoro, aliacha kazi bila taarifa.

Tangu hapo mama yao hakujua aombe dua gani. Akianza ya marehemu, aliogopa anamuua mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe. Ya msafiri ilimkwama katikati. Kila jioni alipiga magoti, akakaa kimya, akainuka. Alichotaka ni neno lile moja lifutwe, ili ajue. Sasa kamati ya uchunguzi ilikuwa imeruhusu familia za vibarua zilete ushahidi mmoja kwa pamoja, usizidi mmoja. Zilikuwa familia kumi na moja, na zote zilimtazama Mama Pasipoti.

Fundi alitandika kitambaa akapanga lenzi juu yake.

"Chumba kile nakifahamu. Lenzi ya milimita thelathini na tano itakupa walio mezani. Ishirini na nne inakuongezea walioachishwa kazi. Marehemu wanaanzia ishirini. Sasa, vibarua marehemu, hao wamebana kabisa ukutani. Hao wanataka kumi na sita."

"Na hii kubwa?"

"Hiyo inavutika. Ishirini na nne mpaka kumi na nne. Kioo chake safi sana. Lakini usishuke chini ya kumi na sita."

"Kwa nini?"

"Kumi na nne inachukua na wanaokuja."

"Wanaokuja wapi?"

"Ukutani, mama." Fundi alifuta kioo kwa pembe ya kitambaa. "Wengi wakiichukua huirudisha siku hiyohiyo."

Mama Pasipoti aliishika kwanza ile ya kumi na sita isiyovutika. Ilikuwa nyepesi, na kwa kuwa haikuvutika mtu asingeweza kukosea. Aliifunga kwenye kamera, akaifungua, akaifunga tena. Lakini hakuna aliyejua mdogo wake amesimama wapi hasa. Alifumba macho palepale kaunta, akasema kwa sauti ya chini, "Mungu wangu, usinipe zaidi ya ninachoweza kukitazama." Alipofumbua akachukua ile inayovutika.

"Ishike sawasawa," fundi alimwonya. "Ukiinamisha, kuta nazo zinainama." Akamwonyesha kwa kidole ukuta wa nyuma yake, ambao mteja mmoja aliuinamisha mwaka jana akijaribu lenzi. Rafu zake zilikuwa zimewekewa vigingi.

Kiwandani alipokelewa na msimamizi. Chumba kilikuwa kimepakwa rangi mpya. Washonaji na wakataji kumi na wanne walikuwa mezani, na ukutani walisimama vibarua wawili. Harufu ya gundi ilikaba koo. Mashine ya kukatia sponji ilikuwa imezimwa kwa ajili ya picha, na msimamizi alikuwa akitazama saa yake.

"Dakika tano," alisema. "Picha moja."

"Nicheke au nisicheke?" aliuliza mkataji mmoja. "Ya pasipoti ulininyima."

"Wewe hata ukinuna unaonekana unacheka," alimjibu Shangazi. Huyo alikuwa mshonaji mzee kuliko wote, na chumba kizima kilimwita hivyo. Sindano ilikuwa katikati ya midomo yake. "Mama Pasipoti, nipige upesi kabla shavu halijaanguka lote."

Mama Pasipoti aliisimamisha kamera, akapima usawa wake, akaanza na ishirini na nne. Kwenye kioo cha kamera, walioachishwa kazi walikuwa wamesimama kati ya meza, mifuko yao mkononi. Ishirini: wale tisa walikuwa kwenye nafasi zao, mmoja akigawana kigoda na msichana aliyeajiriwa badala yake. Kumi na sita: ukuta ukajaa. Aliwaruka wale wawili walio hai, akahesabu vibarua bega kwa bega, akafika kumi. Wa kumi na moja, mwisho kabisa kushoto, alionekana kiwiko tu. Kilikuwa ndani ya shati la njano lililotiwa kiraka kwa uzi wa buluu. Yeye ndiye aliyelishona, siku ambayo uzi wa njano ulikwisha.

Kiwiko hakina jina. Angegeuza kamera kushoto, watatu wa kulia wangetoka, nao wana mama zao. Alirudi nyuma hatua moja. Mgongo wake ukagota kwenye mlango.

"Naomba unifungulie," alimwambia msimamizi. "Nahitaji hatua moja tu."

"Umefungwa kwa nje."

"Na nani?"

"Mlinzi. Uzi unaibwa sana."

"Na wewe uko humu ndani?"

"Nina namba yake ya simu."

"Huwa anapokea?"

"Akiwa karibu," msimamizi alisema. "Zimebaki dakika mbili."

Hakuna mezani aliyeinua uso. Mama Pasipoti alijaribu kitasa kwa kisigino, kikakataa. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye nyusi. Alishika pete ya lenzi, akaishusha kumi na tano, kisha kumi na nne.

Mdogo wake alikuwa pale. Alitazama kamera moja kwa moja, kidevu juu, bila kutabasamu, kama alivyofundishwa na dada yake zamani. Alikuwa amechoka. Zaidi yake kushoto alisimama mwanamke mwenye aproni na sindano midomoni. Mama Pasipoti aliinua macho akamtazama Shangazi mezani, akayarudisha kwenye kioo, akamkuta Shangazi ukutani. Kando yake walikuwa wengine wanne, na wote wanne walikuwa pia mezani wakisubiri kupigwa picha.

"Mbona umeganda?" Shangazi aliuliza.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Akipiga, watajiona. Asipopiga, mama yake atapiga magoti tena leo jioni na kuinuka bila neno.

Akabonyeza.

Shangazi alikuja kuangalia, akavaa miwani yake.

"Huyu mimi."

"Ndiye wewe, Shangazi."

"Nimekonda." Akaita wenzake. Watano walijiona, na yule mkataji akalalamika kwamba amewekwa kwenye kona. Msimamizi akasema muda umekwisha. Mashine ikawashwa.

Ijumaa kamati ilikaa. Afisa aliitandaza picha mezani, akaipitia kwa kioo cha kukuza, akamsifu Mama Pasipoti kwamba kuta zimesimama wima. Mama yao alikuwa amekaa benchi la mbele na familia nyingine. Shangazi aliitwa kutambua watu, akawatambua wote, pamoja na nafsi yake.

"Mama, huyu wa shati la njano ni binti yako?" afisa alimuuliza mama yao.

"Ndiye."

"Picha imepigwa lini?"

"Jumatano," alijibu Mama Pasipoti.

"Basi Jumatano alikuwa kazini." Afisa alizungumza kwa upole. "Mtu aliye kazini siwezi kumwandika marehemu. Na kwa kuwa hajatoa taarifa yoyote tangu Machi, neno mtoro linabaki. Hivyohivyo kwa wale kumi. Hawa watano waliotokea mara mbili, kiwanda kitarekebisha idadi."

"Mlango bado unafungwa kwa nje," Mama Pasipoti alisema. "Niliuegemea mimi."

Afisa aliikagua picha tena, pembe moja baada ya nyingine. "Mlango haumo," alisema, na karani akaandika hivyo.

Mama yao aliomba aishike picha. Aliileta karibu na uso wake, akakaa nayo muda mrefu.

"Tangu Machi amesimama?" aliuliza. "Hata kigoda hawampi?"

Karani aligonga kalamu mezani ili itoe wino. Shangazi, ambaye alikwisha kuruhusiwa kuondoka, alirudi kutoka mlangoni. Alisimama mbele ya meza, akainua mkono wa kulia kama walivyomfundisha wakati wa kuapa.

"Dada yangu," alimwambia mama yao, "nasema mbele ya afisa, mbele ya karani, mbele ya ndugu hawa wote. Siku nikifika pale ukutani nitasimama karibu naye, ataniegemea, nami sitasogea. Naahidi."