Kwa Nini Wewe Huumwi?

Homa ya Eliezeri ilikuwa na vituko. Ikimshika, anatoka jasho mpaka godoro linalowa. Ikimwachia, anashika jembe, na majirani wa pale mlimani juu ya Mbeya wanamshukuru Mungu. Kisha inarudi. Basi Sekela, mama yake, akamgeukia Marta, mke wa Eliezeri.

"Mnakula chungu kimoja, mnalala kitanda kimoja. Kwa nini wewe huumwi? Asipopona safari hii, rudi kwenu Igowole!"

Marta, mtu wa kuja, angesema nini akaeleweka? Alilia peke yake, akajifunga kanga, wakampeleka mgonjwa hospitali mjini bila kusemezana.

Daktari alimtoa Eliezeri damu, akampapasa bandama, akauliza habari za nyumbani. Kisha, jamani, akamtazama Marta. "Na wewe mama, kwa nini huumwi?"

Marta aliinuka. Hata huku! "Haki ya Mungu sijamfanyia kitu! Tunakula sawa. Ila maziwa tu siyanywi, yananitia kichefuchefu tangu utoto."

"Maziwa gani?"

"Ya ng'ombe wangu," Sekela alidakia kwa majivuno. "Namkamulia mwanangu kila asubuhi, anakunywa yangali na joto la kiwele. Ya kuchemsha hayana nguvu."

"Ng'ombe huyo hajatupa mimba?"

Sauti ya Sekela ilishuka. "Alitupa, kabla ya masika."

"Ndiyo hayo," alisema daktari. "Ng'ombe wako ana ugonjwa, na vijidudu vyake vinapita kwenye maziwa mabichi. Damu ina walinzi, chembe nyeupe. Kijidudu kikiingia, zinakizingira, zinakimeza, zinakisaga. Lakini vijidudu hawa wa maziwa ni wajanja. Wakimezwa hawasagiki, wanajificha humo humo tumboni mwa mlinzi, wanazaana, na wakitoka homa inarudi. Dawa ipo, sindano na vidonge. Ni ya muda mrefu, msiiache njiani. Na maziwa yachemke!"

"Kwa hiyo si uchawi?" Marta aliuliza.

"Uchawi wa wapi, mama!"

Marta alikaa chini sakafuni, akacheka huku machozi yanamtoka. Alijiona mwepesi kama aliyetua mzigo wa kuni. Sekela alitazama dirishani.

Eliezeri alipona kabisa. Sekela hakuomba radhi, ila alfajiri moja alikuja na maziwa yake, akayachemsha mwenyewe mpaka yakashika sufuria.

Eliezeri alionja, akakunja uso. "Mama, haya yameungua."

"Kunywa!" walimfokea wanawake wote wawili kwa pamoja.

Kisha Sekela akamimina chai ya rangi, akamsogezea Marta kikombe.

"Shika, mwanangu."